Mguu Ndio Shahidi: Mwongozo wa Kutambua Utafiti Bora wa Tiba ya Viungo

Mwaka 1963 jarida la Marekani la Journal of Bone and Joint Surgery lilitoa makala ya Ignacio Ponseti na mwenzake Smoley, wa Chuo Kikuu cha Iowa. Walieleza namna ya kurekebisha nyayo kifundo za mtoto mchanga, yaani nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa: kuzinyoosha kidogo kidogo kwa mikono, kufunga plasta mpya kila wiki, kukata kano ya kisigino kwa tundu dogo pale inapohitajika, kisha kumvisha mtoto viatu vyenye chuma cha kuzuia nyayo zisirudi zilikotoka. Kwa zaidi ya miaka thelathini wapasuaji wengi duniani waliipita makala hiyo, wakaendelea na upasuaji mkubwa. Mwaka 1995 Cooper na Dietz waliwatafuta watu wazima 45 waliotibiwa kwa njia hiyo wakiwa watoto, jumla nyayo 71, wastani wa miaka 34 baada ya tiba. Asilimia 78 walikuwa na matokeo mazuri au mazuri sana, ilhali kati ya watu waliozaliwa na miguu ya kawaida kiwango kilikuwa asilimia 85. Leo njia ya Ponseti inafundishwa Uganda, Malawi, Tanzania na Kongo. Lakini msomaji wa mwaka 1970 ambaye angepima makala ile kwa kuhesabu walioinukuu angeiacha kabatini, na watoto wangelipa gharama ya hesabu yake.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika majarida ya utafiti methali hii haitoshi: chema kinaweza kukaa miongo mitatu bila mnunuzi. Ndiyo maana anayesoma tafiti za tiba ya viungo na utengamao, awe kine (mtaalamu wa tiba ya viungo) wa hospitali ya Kalima au Kampene mkoani Maniema, Kongo, mwalimu wa chuo Kindu, au mwanafunzi anayeandika kazi yake ya mwisho, anahitaji jicho lake mwenyewe. Makala ya utengamao ipimwe kwanza kwa jinsi ilivyomtazama mgonjwa: imempima vipi, imemlinganisha na nani, imemfuata hadi wapi, na maisha yake yanafanana vipi na maisha ya yule unayetaka kumtibu. Idadi ya manukuu ije mwisho kabisa, nayo ije kama fununu, isije kama hukumu.

Ili kujua kwa nini, tazama namba zenyewe zinavyotengenezwa. Kipimo cha athari cha jarida kilitokana na kazi ya Eugene Garfield, Mmarekani aliyependekeza faharasa ya manukuu mwaka 1955 ili watafiti waweze kufuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Hesabu yake ni nyepesi. Jarida likitoa makala 100 katika miaka ya 2022 na 2023, na makala hizo zikanukuliwa mara 300 ndani ya mwaka 2024, kipimo chake cha 2024 ni 3. Huo ni wastani wa jarida zima, na kwa kawaida makala chache ndizo zinazobeba manukuu mengi huku nyingine zikipanda mgongoni mwao. Kwa hiyo kipimo cha jarida hakisemi lolote la hakika kuhusu makala moja uliyoishika mkononi. Kubwa zaidi ni dirisha lenyewe: miaka miwili. Mtoto mwenye nyayo kifundo huvaa viatu vyake vya usiku hadi karibu miaka minne, na jibu la kweli kuhusu mguu wake hupatikana atakapokuwa mtu mzima anayebeba mzigo na kutembea kutwa. Utengamao ni kazi ya muda mrefu. Kipimo cha muda mfupi husikia tu kinachosemwa kwa sauti leo.

Tena, kunukuu si kusifu. Mtu hunukuu ili kukubali, ili kupinga, au ili kupamba utangulizi wake. Makala iliyotoka katika Lancet mwishoni mwa 2020, iliyokadiria kwamba watu bilioni 2.41 duniani wana hali ambazo zingefaidika na utengamao, imenukuliwa kwenye utangulizi wa makala nyingi mno. Ni kazi ya maana, inayosaidia kuomba bajeti, lakini haimfundishi kine jambo la kufanya na goti lililo mbele yake. Upande wa pili kuna hatari kubwa zaidi. Mwaka 2005 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la Yoshihiro Sato wa Japani, lenye wagonjwa 628 wa kiharusi, lililodai kwamba vitamini za kundi B zinapunguza sana kuvunjika kwa nyonga. Jarida lilikuwa kubwa, makala ikanukuliwa na wengine wakajenga hoja juu yake. Mwaka 2016 iliondolewa, baada ya wachunguzi kuonyesha kwamba kazi za mtafiti huyo haziaminiki. Kwa miaka kumi na moja manukuu yalizidi kuongezeka juu ya msingi usiokuwepo.

Watu wa Pangi, huko huko Maniema, wanao mfano wa karibu wa kuhukumu thamani. Katika Bwami, chama cha Warega chenye madaraja, kinyago kidogo cha pembe za ndovu hakiheshimiwi kwa sura yake pekee. Kinaonyeshwa pamoja na methali, wimbo na ngoma, kinafafanuliwa mbele ya wanaofundwa, na hupita kutoka mkono wa mwenye daraja hadi kwa atakayemfuata, kikipakwa mafuta na kushikwa mpaka kinang'aa. Mng'aro wake ni alama ya kutumika katika mafundisho. Makala ya utafiti nayo hupata mng'aro wa kweli inapotumika mikononi mwa wanaotibu, ikajaribiwa, ikafafanuliwa, ikarithishwa. Manukuu yanaweza kuambatana na matumizi hayo, lakini yanaweza pia kuwa rangi iliyopakwa jana.

Sasa tuiangalie makala yenyewe, tukianza na kipimo. Jiulize: watafiti walipima nini, na je, mtu mwingine akipima kitu kilekile atapata jibu lilelile? Mfano mzuri wa kujifunzia ni alama za Pirani, zinazotumika sana katika kliniki za nyayo kifundo. Dalili ni sita, tatu za katikati ya unyayo na tatu za nyuma, na kila moja hupewa sifuri, nusu au moja. Kalamu iliyonyooka inalazwa kwenye ukingo wa nje wa unyayo kuona ukingo unaanzia wapi kupinda. Kidole kinabonyeza kisigino: mfupa ukigusika mara moja ni sifuri, ukigusika kwa mbali ndani ni nusu, usipogusika ni moja. Jumla huwa kati ya 0 na 6. Uzuri wake ni kwamba watu wawili wanaweza kumpima mtoto mmoja kila mtu peke yake, kisha wakalinganisha karatasi zao. Makala bora hueleza kipimo chake kwa uwazi wa namna hii, na husema wapimaji walikubaliana kwa kiasi gani. Makala inayosema tu kwamba wagonjwa walipata nafuu, bila kusema nafuu ilipimwaje na nani, imekuomba uamini bila kukupa cha kushika.

Cha pili ni ulinganisho. Mgonjwa wa mgongo au wa kiharusi anaweza kupata nafuu kwa siku tu kupita, kwa hiyo lazima kuwe na kundi lingine la kumlinganisha naye, na lazima bahati nasibu iamue nani anaingia wapi. Angalia pia kama aliyekuwa akiwapokea wagonjwa hakuweza kujua mapema zamu inayofuata ni ya kundi gani, maana moyo wa huruma humwelekeza mtu kumpa tiba mpya yule anayeonekana atafanikiwa. Hazina ya PEDro, iliyoanzishwa Sydney mwaka 1999 na inayosomwa bure, hukagua majaribio ya tiba ya viungo kwa mambo 11, na 10 kati yake huhesabiwa alama. Hiyo ni zana nzuri kwa anayeanza. Lakini itumie kwa akili: mambo mawili yanadai kwamba mgonjwa na mtabibu wasijue ni tiba gani inatolewa, na kine anayemnyoosha mtu mkono hawezi kutojua anachofanya. Jaribio la mazoezi lenye alama 8 linaweza kuwa limefika ukomo wa linalowezekana. Anayelitupa kwa sababu si 10 amerudia kosa lilelile la kuabudu namba.

Cha tatu, nacho ndicho kinachowatenganisha mafundi na wanagenzi, ni ufuatiliaji. PEDro inataka zaidi ya asilimia 85 ya walioanza wapimwe mwishoni. Sababu inaeleweka vizuri mahali ambapo mgonjwa anaishi ng'ambo ya mto Elila na mvua ikifunga njia harudi tena. Wanaopotea hawafanani na wanaorudi; mara nyingi ni wale walioshindwa, waliochoka au walioishiwa nauli. Ukiwahesabu waliorudi tu, tiba yoyote itapendeza. Jaribio la AVERT, lililotoka katika Lancet mwaka 2015, liliwachukua wagonjwa 2,104 wa kiharusi kutoka hospitali 56 za nchi tano, likiuliza kama kuwainua kitandani mapema sana na mara nyingi, kuanzia ndani ya saa 24, kunasaidia. Baada ya miezi mitatu karibu wote walipatikana. Waliopata matokeo mazuri walikuwa asilimia 46 kwenye kundi la mazoezi makali ya mapema na asilimia 50 kwenye kundi la huduma ya kawaida. Watafiti walitoa jibu lililokwenda kinyume na walichotarajia, wakalieleza bila kulificha. Makala inayokubali kuivunja hoja ya mwandishi wake ni ya kuheshimiwa sana.

Cha nne ni kufaa kwa mahali. Jaribio la ATTEND, lililochapishwa mwaka 2017, lilifundisha jamaa wa wagonjwa wa kiharusi nchini India kuwafanyisha mazoezi nyumbani. Wagonjwa walikuwa 1,250 katika hospitali 14. Baada ya miezi sita waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kwenye kila kundi. Kwa mkoa wenye wakine wachache kama Maniema, wazo la kumkabidhi ndugu mazoezi linavutia, na kwa hiyo jibu hili chungu lina thamani kubwa: linatuonya tusidhani mafunzo mafupi ya familia peke yake yatatosha. Kwa upande mwingine, mradi wa Uganda wa nyayo kifundo, ulioelezwa katika makala ya Pirani, Naddumba na wenzao mwaka 2009, ulionyesha kwamba njia ya Ponseti inaweza kuingizwa katika huduma za kawaida za afya za nchi ya Kiafrika, na kazi ya plasta ikafanywa na wahudumu ambao si wapasuaji. Kwa Pangi makala hiyo inasema zaidi kuliko kumi za hospitali zenye mashine ambazo hazitafika huku.

Kuna mapingamizi yanayostahili majibu. La kwanza husema: tukiacha namba, vyeo vitagawiwa kwa udugu na upendeleo, manukuu angalau hayamjui mtu. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini namba nazo zina upendeleo wake: makala nzuri ya Kifaransa kutoka Kinshasa ina wasomaji wachache kuliko makala ya wastani ya Kiingereza. Azimio la San Francisco, lililoanzia kwenye mkutano wa wanasayansi Desemba 2012, lilitaka vyuo na wafadhili waache kutumia kipimo cha jarida kama badala ya kuisoma kazi yenyewe. Dawa ya upendeleo ni kamati inayosoma makala na kuandika sababu zake wazi, ambapo kila sababu inaweza kupingwa.

Pingamizi la pili ni la muda na uwezo: kine mwenye wagonjwa wengi hawezi kuchambua kila ukurasa, na jarida likishakuwa na wapitiaji kazi imeshafanywa. Bahati mbaya, si kila jarida linafanya linalodai. Mwaka 2013 John Bohannon alieleza katika Science jinsi alivyotuma makala ya uongo yenye makosa ya wazi kwa majarida 304; 157 yaliikubali. Muda mfupi wa kusoma utumike basi pale penye faida: sehemu ya mbinu, jedwali la wagonjwa, na idadi ya waliopotea. Mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza 2002, huzipa taasisi za nchi kama Kongo nafasi ya kusoma majarida mengi bila malipo.

La tatu ndilo zito zaidi: vigezo hivi ni vya matajiri, na sentre ndogo ya afya haiwezi kuvifikia. Lakini bahasha nene iliyofungwa, ya kuficha zamu inayofuata ni ya kundi gani, haihitaji umeme. Wapimaji wawili wasioonyeshana karatasi hawahitaji maabara. Daftari linaloandika kijiji cha kila mgonjwa, jina la mlezi na siku ya kumfuata kwa pikipiki linahitaji subira na nauli, na nauli hiyo ndiyo ingekuwa kifungu cha kwanza katika bajeti ya utafiti wa Maniema.  Cooper na Dietz walikuwa na kumbukumbu za zamani zilizotunzwa, na bidii ya kuwatafuta watu. Sentre ya Pangi itakayoanza leo kuandika alama za kila mtoto siku ya plasta ya kwanza, siku ya plasta ya mwisho, na kila mwaka baada ya hapo, itakuwa na jambo la kuuambia ulimwengu wakati watoto hao watakapokuwa wanabeba mpunga wao wenyewe njiani, hata kama kwa miaka mingi hakutakuwa na mtu anayeinukuu.