Funzo na Kinaya katika Filamu ya Watoto: Jimmy Neutron: Boy Genius

Mtahiniwa akiulizwa dhamira ya kazi ya watoto, mara nyingi hukimbilia tukio la mwisho na kuandika: watoto wawatii wazazi. Je, jibu hilo linatosha? Hebu tuitazame filamu hii ya katuni za kompyuta, iliyoongozwa na John A. Davis na kutolewa Marekani mwaka wa 2001.

Hii ni bunilizi ya kisayansi. Jimmy, mvulana mvumbuzi, anakatazwa kwenda kwenye bustani ya burudani usiku. Anatoroka. Baadaye yeye na rafiki zake wanatamani wazazi wasiwepo tena. Usiku huohuo viumbe wa sayari ya Yolkus wanawateka wazazi wa mji mzima. Mwanzoni watoto wanashangilia, kisha furaha inageuka majuto.

Hapa pana kinaya ambacho mtahiniwa asikipite. Ujumbe ambao Jimmy aliurusha angani ndio uliowavuta watekaji. Hata hivyo, ubunifu na ukaidi uleule ndio unaowaokoa wazazi. Mwisho Jimmy anaomba radhi, lakini msuko umekwisha kuonyesha kwamba mtoto mtiifu tu asingefika Yolkus. Dhamira basi imo katika mvutano huo, wala si katika radhi peke yake.

Kwa upande wa fani, filamu iligharimu takriban dola milioni 30, nusu ya gharama ya Shrek ya mwaka huohuo, na ilitengenezwa kwa programu za kawaida za kununuliwa. Nyuso ni sahili, mfano wa vibonzo vya kuchezea. Usahili huo unaoana na kisa: watoto wanaunda roketi kutokana na mabembea ya bustani. Anayeandika kwamba picha ni duni, hivyo kazi ni duni, hajahakiki.

Dosari iko kwingine. Wazazi ni wahusika bapa. Wakiwa matekani wanavishwa kofia zinazotawala akili zao, hivyo hawapati nafasi ya kutetea msimamo wao. Upatanisho unakuja upesi mno.

Mwalimu mwenzangu, unaposahihisha, usimpe alama zote anayetaja funzo tu. Nawe mtahiniwa, kabla ya kuandika dhamira, jiulize: je, matukio yanaliunga mkono funzo hili, au yanalipinga?