Dakika Nane za Bruno Julie

Agosti 2008, katika nusu fainali ya uzani wa bantam kwenye Olimpiki ya Beijing, Bruno Julie wa Morisi alishindwa na Yankiel León wa Cuba kwa pointi 7 kwa 5. Asiyezijua ndondi za ridhaa za enzi zile atayasoma matokeo hayo na kupita. Mimi kila nikiyarudia huingiwa na heshima, maana ndani ya tarakimu hizo mbili umo ufundi uliojengwa kwa miaka mingi katika nchi ndogo kabisa.

Tuyasome taratibu. Wakati ule pambano la Olimpiki lilikuwa la raundi 4, kila raundi dakika 2. Majaji 5 waliuzunguka ulingo, vidole juu ya vitufe. Konde lilipata pointi pale tu majaji wasiopungua 3 walipobonyeza ndani ya sekunde moja. Tena lilitakiwa litue kwa upande wa vifundo vya ngumi, pale penye alama nyeupe kwenye glavu. Lifike usoni, upande wa kichwa au kwenye kiwiliwili juu ya mshipi. Lisizuiwe na mkono wa mpinzani. Na liwe na uzito wa bega au mwili nyuma yake. Konde lililokosa sharti moja halikustahili kitu, hata ukumbi mzima ukilishangilia. Hivyo kwa dakika 8 mabondia wawili wepesi kama umeme walipatiana makonde 12 tu yaliyohesabiwa. Cuba, shule kuu ya ndondi za ridhaa duniani, iliipita Morisi kwa mawili.

Kabla ya hapo, katika robo fainali, Julie alikuwa amemtoa Héctor Manzanilla wa Venezuela kwa 13 kwa 9. Ushindi huo ndio uliomhakikishia shaba, kwani katika ndondi za Olimpiki wote wawili wanaoshindwa nusu fainali hupata medali. Morisi ilikuwa ikishiriki Olimpiki tangu 1984, na hiyo ndiyo medali yake ya kwanza. Hadi kufungwa kwa michezo ya Paris 2024 ilikuwa bado ndiyo pekee.

Morisi yenyewe haifiki kilomita za mraba 2,100, visiwa vyake vidogo vikiwemo, na watu wake ni kama milioni 1.2. Bondia hakui kwa kupiga begi peke yake. Begi halikwepi, halidanganyi, halirudishi konde. Anahitaji watu wa uzito wake, wa kimo tofauti, wanaotumia kulia na wanaotumia kushoto, wanaosogea mbele na wanaorudi nyuma. Sasa hesabu vijana wa kilo 54 walio tayari kupanda ulingoni katika kisiwa cha namna hiyo. Ni wachache, na baada ya misimu michache wamekwishajuana kiasi kwamba kila mmoja anajua mwenzake atatupa nini kabla bega halijatikisika. Hapo kuna hatari kubwa: kijana anaweza kumjua mwenzake bila kuijua ndondi.

Ndiyo maana makocha wa visiwani hulazimika kuweka mkazo kwenye kile kisichotegemea mpinzani, nacho ni miguu. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto hutangulia, kisigino cha kulia hunyanyuliwa kidogo, na uzito hugawanywa pande zote mbili. Akienda kushoto, mguu wa kushoto ndio unaoanza. Akienda kulia, wa kulia. Miguu haipishani hata mara moja, kwa kuwa bondia aliyepishanisha miguu anaangushwa hata na konde jepesi. Mafunzo haya hayana utamu wowote kwa mtoto aliyekuja akitamani kurusha ngumi. Anatembezwa mbele na nyuma, huku na huko, jioni baada ya jioni, mpaka miguu inatii bila kuulizwa.

Juu ya miguu hiyo ndipo hujengwa konde la kunyoosha la mkono wa mbele. Linatoka begani bila kutangazwa. Ngumi inageuka mwishoni. Kidevu kimejificha nyuma ya bega. Mkono wa pili haubanduki shavuni. Kisha linarudi kwa njia ileile lililoendea, upesi kuliko lilivyokwenda, kwa sababu mkono unaochelewa kurudi ni mlango ulioachwa wazi. Kati ya yote yanayofanywa ulingoni, hili ndilo ninalolipenda zaidi kulitazama. Kwa konde hilo bondia hupima umbali, humvurugia mpinzani mwendo na kujikusanyia pointi, na halitaki mwili mkubwa. Linamtaka mtu aliyelirudia mpaka limekuwa tabia.

Julie hakuwa wa kwanza kulifikisha mbali. Miaka 10 kabla ya Beijing, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Kuala Lumpur mwaka 1998, Richard Sunee wa Morisi alitwaa dhahabu ya uzani wa fly. Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya kuikumbuka michezo hiyo: dhahabu ya uzani unaofuata, wa bantam, ilichukuliwa na Michael Yomba. Baada ya Julie akaja Richarno Colin, aliyeshiriki Olimpiki za London, Rio na Tokyo, kisha mwaka 2022 akapata fedha ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham. Ukiwapanga watatu hawa, unaona ufundi uliopokewa na kukabidhiwa kwa zaidi ya miaka 20.

Ukosefu wa wapinzani nao ulitafutiwa dawa baharini. Tangu 1979 visiwa vya Bahari ya Hindi vina michezo yao, na ndondi zimo. Kijana wa Morisi hukutana huko na wa Shelisheli, Madagaska na Réunion, watu ambao hajawazoea, mbele ya umati, huku bendera ikimlemea mabegani. Ni ngazi ya katikati kati ya ukumbi wa nyumbani na mashindano ya Afrika, na bila ngazi hiyo wengi wangerukia juu na kuanguka.

Hata nje ya bahari hii, visiwa vimepata jina kwa glavu. Tonga ilipata medali yake ya Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta, pale Paea Wolfgramm alipomshinda Alexis Rubalcaba wa Cuba, akafika fainali ya uzani wa juu kabisa na kushindwa na Wladimir Klitschko. Cape Verde ilipata ya kwanza Paris 2024, shaba ya David de Pina katika kilo 51. Ndondi zina haki hiyo: watu hupimwa kwenye mizani kwanza, na baada ya mizani ukubwa wa nchi hauingii ulingoni.

Haya yanatuhusu kwa karibu. Zanzibar ilizipiga marufuku ndondi kwa miongo mingi baada ya Mapinduzi ya 1964, na zimeruhusiwa tena chini ya Rais Hussein Mwinyi. Mapambano makubwa ya kulipwa yenye taa na muziki yataleta watazamaji, na ni vizuri yaje. Lakini Morisi inaonyesha kwamba mizizi iko kwingine: kwa mwalimu anayelipwa ili awatembeze watoto wa miaka 10 au 12 kabla hajawaruhusu kurusha ngumi, kwenye mashindano ya ridhaa yanayofanyika kila mwaka bila kukosa, na kwenye nauli ya kuwapeleka vijana Dar es Salaam, Mombasa na Moroni wakapigwe na watu wasiowajua. Unguja na Pemba zikiyalipia hayo kwa miaka 15 bila kudai medali, zitapata mabondia wa kumsumbua Mcuba yeyote.