Msikiti Mkuu wa Kilwa: Kazi ya Mikono ya Nani?

Sisi tufundishao Babati, mbali na bahari, tumezoea kuusifu Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa majina ya masultani. Sifa hiyo ina kasoro. Msikiti ulianza katika karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman; upanuzi huo ulipobomoka, ukajengwa upya karne ya 15 kwa nguzo za mawe, matao na kuba. Wajenzi walichonga matumbawe, wakachoma chokaa, wakapata funzo katika anguko lile. Ingawa mitindo ya ng'ambo ilifika pamoja na biashara, ustadi huo ulikomaa katika pwani yetu. Basi tuwafundishapo vijana historia ya jengo hili, tuanze na mafundi, ndipo tuwataje wafalme.