Mbamba Bay: gati linajengwa, lango linafungwa

Marufuku ya Tanzania ya Aprili 2025 dhidi ya mazao ya Malawi ilikuwa kosa, na kuondolewa kwake haraka hakukuifanya kuwa werevu. Mfululizo wake tuliufuatilia wote. Machi ile Malawi ilizuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, ikisema inalinda wakulima wake na fedha chache za kigeni ilizo nazo. Waziri wetu wa Kilimo wakati ule, Hussein Bashe, akaweka tarehe ya mwisho ya kuondolewa kwa zuio hilo. Tarehe ikapita, mazao ya Malawi yakafungiwa pamoja na ya Afrika Kusini, na mbolea inayokwenda Malawi ikaingizwa kwenye onyo. Siku chache baadaye zuio letu likaondolewa. Wengi walishangilia kwamba jirani ametiwa adabu. Ukiupima uamuzi huo ukiwa Dodoma, unaweza kuonekana wa kishujaa. Ukiupima ukiwa Mbinga, unaona tulipiga teke mradi wetu wenyewe.

Wakati marufuku inatangazwa, mkandarasi alikuwa kazini Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, akijenga bandari ambayo hesabu yake haikamiliki bila shehena ya Malawi. Dagaa na mbasa wa Liuli na Lituhi hawahitaji gati la ukubwa ule. Mitumbwi huwashusha mchangani kila asubuhi. Kahawa ya Umatengo inapanda kwenda Songea, na makaa ya Ngaka yanaondoka kwa malori kuelekea Mtwara. Vyote viwili vinalipa ziwa kisogo. Kinachobaki ni mzigo wa ng'ambo: tumbaku, sukari na soya za Malawi zitoke Nkhata Bay, zivuke, zipande barabara ya Mbinga hadi bahari ya Mtwara, na mbolea, saruji na mafuta virudi kwa njia hiyohiyo. Sasa jiweke kwenye kiti cha msafirishaji wa Lilongwe mwezi ule. Kwanza anajua kwamba Tanzania inaweza kuzuia mazao yake kwa tangazo la waziri mmoja, bila kikao. Pili anajua kwamba reli ya Nacala, inayobeba makaa ya Moatize, inapita ndani ya nchi yake, na kwamba bandari ya Beira ipo. Mfanyabiashara wa namna hiyo halaumiwi akiamua kutoitegemea njia ya Mbamba Bay. Hasara ya marufuku haikuwa tani zilizokwama kwa siku chache. Ilikuwa mikataba ya usafirishaji ambayo haitasainiwa, na hiyo haina takwimu ya kumwaibisha mtu yeyote.

Watetezi wana hoja mbili, na zote zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba Malawi ndiyo iliyoanza. Ni kweli, na mkulima wa mpunga wa Kyela na wa ndizi wa Rungwe aliumizwa bila kosa. Lakini nchi yenye bahari inayojibu nchi isiyo na bahari kwa kufunga njia hailipi sawa kwa sawa. Inaugusa uhai wa mwenzake, naye hatasahau. Hoja ya pili ni kwamba mbinu ilifanya kazi. Kilichofanya kazi ni mazungumzo: mawaziri wa mambo ya nje walikaa Dodoma wakaelewana. Tume ya Pamoja ya Ushirikiano ya nchi hizi mbili ilikuwepo tangu hapo, na Itifaki ya Biashara ya SADC ya 1996 ilikuwepo. Kikao kilichomaliza mgogoro kingeweza kuutangulia. Tukumbuke pia kwamba mpaka wa ziwa lenyewe haujakubaliwa, na usuluhishi uliokabidhiwa jopo la Joaquim Chissano baada ya mvutano wa 2012 haujatoa suluhu. Majirani wenye kesi mezani hawana anasa ya kuongeza nyingine.

Waliotangulia walilielewa hili vizuri kuliko sisi. Nyerere na Kaunda wa Zambia walipojenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kati ya 1970 na 1975, waliigawa nusu kwa nusu na kuiweka chini ya baraza la mawaziri wa pande zote mbili. Watasema TAZARA imechakaa. Imechakaa kwa uendeshaji na uhaba wa mtaji, si kwa sababu mbia mmoja aliamka akaifunga. Hata kwa Malawi ya Banda, ambaye Nyerere alitofautiana naye waziwazi juu ya ziwa tangu 1967, vita vya Msumbiji vilipokata njia za Nacala na Beira, Tanzania iliipa Malawi vituo vya mizigo Dar es Salaam na Mbeya. Hasimu alipewa ghala! Mkapa naye, Desemba 2004, alisaini Lilongwe makubaliano ya Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara pamoja na Malawi, Msumbiji na Zambia. Warithi wake wameyageuza kuwa orodha ya miradi ya ndani, na reli ya Mtwara–Mbamba Bay, ambayo safu hii imeilalamikia hadi wino kukauka, bado inalishwa upembuzi yakinifu.

 

Ushirikiano unakuwa wa kimkakati pale kila upande unapokubali kupoteza uwezo wa kumfungia mwenzake mlango peke yake. Bonde la Mto Songwe, mpakani kwetu na Malawi, linaonyesha hivyo: mto unahama mkondo, hakuna nchi inayoweza kuutuliza peke yake, ndipo ikaundwa Kamisheni ya pamoja yenye makao Kyela. Inakwenda polepole, lakini hakuna waziri anayeweza kuuamuru mto kwa tangazo. Mbamba Bay inahitaji kifungo cha aina hiyo kabla ya utepe kukatwa: mkataba na Malawi unaosema zuio lolote la mazao litatanguliwa na notisi na kikao cha pamoja, shehena iliyo safarini haitaguswa kamwe, na ratiba ya meli Mbamba Bay–Nkhata Bay itasimamiwa na pande zote mbili. Wanaoona hilo linapunguza mamlaka yetu waeleze gati litapakia nini. Bila kifungo hicho tutakuwa tumejenga mwalo wa dagaa kwa bei ya bandari.