Mji Mkuu Bila Jukwaa: Fani na Maudhui ya Quds 2009

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kutenganisha fani na maudhui kama mtu anayemenya ndizi: ganda huku, tunda kule. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yaliyotokea Quds, yaani Yerusalemu, mwaka 2009 yanatuumbua.

Mpango wa kuteua mji mkuu wa utamaduni wa Kiarabu ulianza 1996, Cairo ikiwa ya kwanza, chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu na UNESCO. Kwa kawaida mji ukiteuliwa kumbi hupambwa, wageni hualikwa, hotuba husomwa, mwaka ukaisha. Quds haikupata bahati hiyo. Ufunguzi ulifanyika Bethlehem, Machi 2009. Ndani ya Quds yenyewe serikali ya Israeli ilipiga marufuku shughuli hizo, ikidai ni za Mamlaka ya Palestina, ambayo haikuwa na ruhusa ya kuendesha mambo yake mjini humo. Machi 21 polisi walivunja mikusanyiko na watu kadhaa wakakamatwa.

Mwezi Mei ikaja zamu ya Tamasha la Fasihi la Palestina, ambalo mwandishi Ahdaf Soueif alikuwa mmoja wa waanzilishi wake mwaka 2008. Lilipangwa kufunguliwa katika Ukumbi wa Taifa wa Tamthilia wa Palestina, Quds Mashariki. Polisi wakaja na amri ya kuufunga. Watu hawakurudi makwao. Walitembea hadi kituo cha utamaduni cha Wafaransa, wakasoma huko. Katika msafara wa waandishi wa mwaka huo walikuwamo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, na M.G. Vassanji aliyekulia Dar es Salaam. Kwa hiyo tusiseme eti hayo ni ya Waarabu wenyewe.

Hapa ndipo penye ubishi. Wengi wakisikia kisa hiki husema: "Basi, sanaa imeshinda!" Mimi sikubali upesi hivyo. Usomaji ule ulinusurika kwa sababu uliingia chini ya paa la dola ya kigeni. Je, wale waliotawanywa Machi, wasio na wageni mashuhuri wala ubalozi wa kuwafungulia mlango, wao walishinda nini?

La pili linatuhusu sisi wahakiki. Tunamsifu mwandishi kwa sababu kazuiwa, na hata ukurasa wake mmoja hatujausoma. Huko ni kumdharau. Tukifanya hivyo, polisi ndiye anayetuchagulia vitabu, nasi tunafuata tu.

Hata hivyo, siwezi kusema tusome maandishi peke yake na kuyasahau mazingira. Hadithi ya mapenzi ikisomwa usiku kama ule chini ya paa la kuazima haibaki hadithi ya mapenzi tu. Jukwaa lilibadilika, na maana ikabadilika nalo. Hiyo ndiyo fani inayoingia ndani ya maudhui, ndugu zangu, na mihadhara yetu haijatufundisha vya kutosha namna ya kuipima.

Maoni yangu ni kwamba mhakiki hana budi kusoma mara mbili: kwanza kazi yenyewe, bila huruma, halafu ukumbi uliofungwa. Anayeona nimepotoka, na ajibu katika toleo lijalo. Lakini aje akiwa amesoma.