Kagua Darasa Mvua Ikinyesha

Siku ya kukabidhi ukarabati, darasa hunukia rangi. Kuta ni krimu juu na kahawia chini, ubao umepakwa upya, fundi kasimama mlangoni mikono nyuma. Kamati ya shule inaingia, inatazama kuta, inasaini. Mimi huomba radhi nikazunguka nyuma ya jengo kwanza. Doa la ukutani ni mwisho wa safari ya maji. Fundi anayejua kazi utamjua kule yalikoanzia.

Nyuma ya jengo tazama mstari ambapo matone ya bati yanaangukia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 20, mvua ya kawaida tu kwa Bariadi, linamwaga lita 3,000, yaani mapipa 15, na yote yanatua kwenye mistari miwili kando ya msingi. Ukikuta ukuta umerushiwa tope hadi usawa wa goti, matone yanapiga udongo mtupu. Kazi nzuri ina mkanda wa zege kuzunguka jengo, upana wa mita moja hivi, unaopita mstari wa matone na kuinamia nje. Usimwulize fundi kama umeinama. Omba ndoo ya maji, mwaga kando ya ukuta, kisha simama utazame. Yakirudi ukutani, au yakituama, hiyo rangi ya ndani ni ya msimu mmoja.

Kama kuna gata na tangi, uliza swali ambalo wengi husahau: tangi likijaa, maji yanakwenda wapi? Nimeshaona bomba la kufurikia limeelekezwa kwenye kona ya msingi uleule uliotengenezwa.

Sasa udongo, na hapa Simiyu haifanani na kwingine. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituoni Amani huko Tanga, aliandika jinsi udongo wa nchi hizi unavyobadilika kwa mpangilio kutoka mlimani hadi bondeni. Wakulima wa Kisukuma walikuwa na majina ya ngazi hizo: luseni ya kichanga huko juu penye majabali, itogolo katikati, mbuga nyeusi chini. Mkaguzi asiyejua shule imekaa ngazi ipi anakagua nusu. Kwenye luseni maji huchimba. Msingi unabaki uchi kama fizi iliyopungua, na dawa yake ni mtaro, mawe na nyasi. Kwenye mbuga udongo wenyewe ndio unaotembea: masika unavimba, kiangazi unasinyaa mpaka ardhi inapasuka nyufa za kuingiza mkono.

Kwa hiyo ufa wa darasa la mbugani mara nyingi huwa mpana zaidi Septemba, na mvua zikikolea unajibana. Fundi anayeujaza saruji kali Septemba amepigilia kabari ukutani. Udongo ukivimba, kuta zinataka kurudi mahali pake na kabari inakataa, ndipo ufa mpya unazaliwa pembeni. Fundi ninayemheshimu huanza na penseli. Anaweka alama mwisho wa ufa, anaandika tarehe, anarudi baada ya miezi kadhaa. Anaukagua mlango pia: unaokwama masika na kulegea kiangazi unasema habari ileile. Tiba yake ni kuufanya udongo ule usibadilike sana, maji yakae mbali na msingi mwaka mzima, na mikaratusi isipandwe karibu na ukuta ikanyonya unyevu upande mmoja. Saruji ya ufa huja mwisho.

Paa halinichukui muda mrefu. Pasipokuwa na silingi bodi, funga mlango na madirisha saa saba mchana, tazama juu. Kila nyota unayoiona ni tundu. Misumari iwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde maji yanakopita, na kiraka kiingie chini ya bati la juu yake, si kubandikwa juu kwa lami.

Ndani, toa sarafu ya shilingi mia, gonga plasta kuanzia chini kupanda juu. Plasta iliyoshika hulia kavu na fupi. Iliyoachia hulia kama debe tupu. Pitisha kiganja: unga mweupe unaobaki mkononi ni chumvi iliyopandishwa na maji, na skimu iliyopakwa juu ya chumvi itabanduka kama magamba ya sato. Kazi ya kweli ni kubandua plasta hadi nusu mita juu ya doa na kuacha ukuta uchi ukauke. Walimu wakuu hawapendi, wageni wataona. Lakini nikikuta darasa la ukuta uchi katika likizo ya Juni, kiangazi kimeshika, najua hapo yupo fundi. Kanuni ya zamani ya ujenzi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Upepo mkavu wa huku unaweza kupunguza, haufuti. Kabla ya rangi, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, acha siku mbili. Jasho likiwa upande wa ukutani, ahirisha.

Nasema hivi kwa aibu kidogo. Mwaka mmoja, kwenye shule nisiyoitaja, nilikuwa mjumbe wa kamati na nikasaini rangi ya mafuta iliyopakwa Desemba, katikati ya mvua za vuli, ili shule ifunguliwe Januari ikiwa inang'aa. Rangi ya mafuta haipumui. Kufikia Machi ukuta ulikuwa umevimba vipele vikubwa kama maandazi, na watoto wa darasa la tatu wakawa wanavitumbua kwa kalamu.

Stoo ya vitabu itazame kwa dakika mbili: rafu zisiguse ukuta, ya chini iwe juu ya sakafu kwa shubiri moja, kwa kuwa kitabu kilicholowa huanza ukungu ndani ya siku moja au mbili.

Mwisho ni fedha. Fundi mmoja wa Itilima tulimwuliza, "Ngosha, malipo ya mwisho unayataka lini?"

"Mwalimu, yashikeni. Mvua ikipiga mara tatu nipigieni, tuje tuzunguke wote."

Alikuja na mwavuli, viatu mkononi, akaanzia nyuma ya jengo.