Sifa za Mpanga Safari

Anayepanga matembezi ya siku moja kwenye vilima vya Geita mwezi Julai huanza kazi akiwa ameketi, simu mkononi, daftari mapajani. Kipupwe kimeingia, nyasi zimekauka, na watu wa Shinyanga na Kahama wameshaandika "tupo" kwenye kundi la WhatsApp. Mpangaji mzoefu anaijua hiyo "tupo". Hamhesabu mtu mpaka mchango wake uingie.

Kisha maji. Watu 15, lita 3 kila mmoja, ni lita 45, na hizo ni kilo 45 za kupandisha, kwa sababu kiangazi juu kule hakuna pa kuchota. Huyagawa mapema, kila mtu na mgongo wake. Yakiachwa kwenye madumu ndani ya Coaster, yatabaki humo humo.

Halafu saa. Kwenye milima ya Uskoti mchana wa Desemba ni wa saa kama saba tu, hivyo viongozi wa kule hukimbizana na giza. Geita mchana ni wa saa kama kumi na mbili mwaka mzima. Cha kukimbizana nacho ni jua. Julai huchomoza karibu saa moja asubuhi, na kufikia saa tano mawe yameshapata moto. Ndiyo maana waliolala Geita mjini huamshwa saa kumi alfajiri, na majaketi yao na miayo yao.

Ardhi nayo ina wenyewe. Penye msitu wa hifadhi huombwa kibali kwa wakala wa misitu, TFS. Penye kijiji hubishwa hodi kwa mwenyekiti, naye hutoa mwenyeji wa kuongoza njia. Mwenyeji si pambo. Wachimbaji wadogo wameitoboa nchi hii miaka mingi, na duara, yaani shimo la kuchimba, lililoachwa halina bango: nyasi hufunika mdomo wake, magogo yaliyozuia udongo huoza. Mgeni anaona uwanda. Mwenyeji anaona kifusi kilichoota magugu na kijia kinachokwepa bila sababu. Akisema tupite mmoja mmoja, basi ni mmoja mmoja.

Uongozi wa miguu ni wa zamani huku. Karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walibeba mizigo hadi Bagamoyo, kirangozi akiwa mbele ya msafara. Mpangaji wa leo humweka mwenyeji mbele, mzito wa mwendo nyuma yake, na mwenye pumzi kuliko wote mwisho kabisa. Kila wapumzikapo huhesabu vichwa, hata kama amehesabu sasa hivi.

Ninachokisifu zaidi ni saa ya kugeuka. Huipanga siku kadhaa kabla, akili ikiwa imetulia: saa nne na nusu, kileleni au popote tulipo. Ikifika, lazima atokee wa kusema, "Bado kidogo tu, kiongozi." Miguu imechoka, kilele kinaonekana, na watu wa hali hiyo hawaamui vizuri. Yeye alishawaamulia.

Nao humtii, maana safari iliyopita aliweka kundini hesabu yote: kilichoingia, nauli, mkate, na shilingi elfu nne zilizobaki. Aliyewarudishia watu elfu nne zao akisema tushuke, wanashuka.